Mwendo wa Yule wa Kijivu

Sijawahi kukaa chini nikatulia. Kanisani nilikuwa nikitoka nje mara tatu kabla mahubiri hayajaisha, na mama alisema mtoto huyu amezaliwa na siafu ndani ya nguo. Ndivyo nilivyowaacha mbuzi wa baba kule Namoruputh, nikaenda Lodwar kubeba mifuko ya saruji. Nikaichoka. Nikapanda gari mpaka Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, nikafanya kazi ya kuchaji simu za watu, nayo nikaichoka. Kisha nikapata kazi moja tu duniani iliyonifaa: kutafsiri filamu.

Asiyeijua kazi hiyo nimweleze. Ukumbi wetu ulikuwa wa mabati matupu, wenye viti vya mbao, skrini moja na spika kubwa kama kabati. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kikongo, shemasi katika kanisa lake, mtu mpole asiyependa uongo. Filamu zilikuja kwenye flashi, zimetoka kokote, kwa lugha yoyote. Mtafsiri anakaa kando ya skrini, anapunguza sauti ya filamu, anashika maikrofoni na kuwasemea wote: shujaa, adui, msichana mrembo, hata mbwa. Watazamaji wetu walikuwa Wasudani Kusini, Warundi, Wakongo na sisi Waturkana wa pale mjini. Hatukuwa na lugha ya pamoja ila hiki Kiswahili chetu chenye matundu, kila mtu na tundu lake. Mtafsiri akiwa hodari, watu wanasahau kabisa kwamba filamu ina lugha yake. Mimi nilikuwa hodari, nasema bila haya.

Mwenye ukumbi alikuwa na sharti moja. Kabla hujaitafsiri filamu, uitazame mara mbili, mwanzo mpaka mwisho. Sikulitimiza hata siku moja. Nilikuwa naigusagusa kwa kidole kwenye simu, nasogeza mbele, naonja hapa na pale, basi. Akiniuliza, "Umeiangaria yote?" najibu, "Yote, papa," na ananiamini, jambo lililoniudhi kidogo, maana mtu anayekuamini hivyo anakufanya ujione mwizi.

Baba alikuja siku ya Jumamosi, saa sita, jua limesimama utosini. Nilimwona mlangoni pa ukumbi na shuka lake, fimbo yake na ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mzee wa Kiturkana hatoki bila kukibeba. Hakuwahi kufika Kakuma kunitafuta.

"Ejok?" akanisalimu.

"Ejok-noi, Apa."

Akakaa kwenye kigoda chake, akapokea chai, akasema kwa lugha yetu, "Kesho kutwa asubuhi tunarudi nyumbani. Mbuzi wanakungoja."

Bila hata kuniuliza habari. Damu ilinichemka. Kaka yangu mkubwa alikuwa mlinzi huko Eldoret na hakuna aliyemfuata. Mimi nimepata mahali ambapo watu wananyamaza nikifungua mdomo, ndiyo naitwa nikawafuate mbuzi? Nikaanza kusema, na nikianza mimi siishi. Nilimweleza habari za ukumbi, za watu wanaonisalimu njiani, za vijana wa Kalobeyei wanaokuja kwa pikipiki kunisikiliza mimi. Nilisema mpaka chai yake ikaisha na kikombe kikakauka. Sikumuuliza alivyosafiri. Sikumuuliza kwa nini amekuja yeye badala ya kumtuma mjomba kama kawaida.

Mwishowe nikamwambia, "Apa, kesho baada ya kanisa njoo ukumbini. Unitazame nikifanya kazi. Ukishaona, ndipo uamue."

"Nitakuja," akasema. "Nitatazama."

Filamu ya Jumapili hiyo ilikuwa katuni, si ya watoto lakini. Ilikuwa ya mashujaa wa anga za juu, wamevaa deraya za chuma kutoka utosini mpaka kisigino, hakuna anayeonekana uso. Walisafiri kwa vyombo vya anga vyenye umbo la mifupa ya samaki, wakipigania nyota iliyokuwa inazimika. Lugha yake mpaka leo sijui ilikuwa ya wapi. Nilijua wa deraya nyekundu ni mkubwa wao. Na nilikuwa nimemwona mmoja wa kijivu, asiyesema neno, anayemfuata mwekundu kwa mbali sayari hadi sayari. Nilikuwa nimeigusa katikati, nikasogeza, nikaona mapigano, nikaridhika. Mwisho wake sikuuona.

Nilichokuwa nacho ni hasira na usiku mmoja wa kupanga maneno. Nikaamua yule wa kijivu ni mdogo wa yule mwekundu, kijana aliyetoroka kwao kwa sababu kwao ni kudogo. Nitamsemea mbele ya baba yale yote ambayo mimi mwenyewe sikuweza kumwambia baba usoni. Kwa spika.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Akina mama wa Kikongo walikuja na vitenge vyao vya kanisani, Wasudani wakajipanga nyuma na miguu yao mirefu. Baba alikataa kiti. Aliweka ekicholong yake mbele kabisa, karibu na skrini, akakaa na fimbo magotini, kama anavyokaa wanyama wanapokunywa.

"Batu bamejaa, anza basi," mwenye ukumbi akaniambia.

Nikaanza. Na niseme kweli, sijawahi kutafsiri vile tena. Mwekundu nilimpa sauti nzito. Wa kijivu, kila alipotokea nyuma ya mwamba akiangalia tu, nilimpa sauti yangu mwenyewe: "Kaka, niache niende zangu. Nilizaliwa ili nitembee au nilizaliwa nikae? Dunia ni kubwa na maisha ni mafupi!" Ukumbi ukapiga makofi. Kijana mmoja wa Kisudani akapaza sauti, "Kalam sah!", yaani umesema kweli. Nikamtupia baba jicho. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia skrini, shingo imenyooka, kama anahesabu wanyama kwenye vumbi.

Wa kijivu akavuka daraja la chuma. Hatua kama kumi hivi, pole pole. Baba akainua fimbo, akaelekeza pale, akasema kwa Kiswahili chake, kwa sauti ya kuita kutoka ng'ambo ya mto mkavu:

"Hiyo si kijana! Hiyo mama. Mama mzee!"

Watu wakacheka sana.

"Mzee, hiyo ni katuni bana!" kijana mmoja akamjibu. "Imechorwa tu!"

"Angalia mguu," baba akasema. "Anaweka kisigino polepole. Hii nyonga ya kushoto inauma yeye. Mama mzee."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kucheka na wenzangu yakaisha. Lakini niliona aibu, na aibu yangu hugeuka ukali upesi. Ile maikrofoni ilikuwa mdomoni, na wa kijivu bado alikuwa kwenye skrini, basi nikamfanya aseme: "Kuna wazee hawajui filamu, wanajua mbuzi tu. Wakae kimya watoto wao wafanye kazi!"

Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja wa Kikongo peke yake hakucheka. "Eh! Acha papa aseme," akasema, akanikazia macho. Baba hakugeuka.

Basi yakaja mapigano ya mwisho, ile sehemu ambayo sikuwa nimeiona. Nyota inazimika, mwekundu ameanguka, adui amemsimamia kifuani. Wa kijivu akajitupa katikati, akapigwa ubavuni, deraya ikapasuka. Nami nasema tu, napiga kelele, "Kaka, nimerudi! Mimi ndugu yako!" Mwekundu akatambaa mpaka pale. Akashika kofia ya chuma ya yule wa kijivu kwa mikono miwili, akaivua.

Alikuwa mama mzee. Nywele nyeupe, mashavu yameingia, mdomo unatetemeka. Mwekundu naye akavua kofia yake, na sura zao zilikuwa moja, pua ile ile, paji lile lile. Hakuhitajika mtu kutafsiri. Mama alikuwa amemfuata mwanawe nyota hadi nyota, na mguu wake mbovu, kumwomba arudi nyumbani.

Maneno yaliniisha. Kwenye spika kulisikika pumzi yangu tu. Kwanza watu walidhani umeme umesumbua. Kisha wakaanza kunigeukia mmoja mmoja, halafu wakamgeukia yule mzee kwenye kigoda, na ukumbi wote ukapiga yowe. Si la kunicheka peke yake, la kumshangilia. "Mzee alisema! Mzee alisema!" Vijana walimpiga piga mabegani. Mwenye ukumbi aliniangalia mara moja tu. Hakuniuliza kama nilikuwa nimeiangalia yote.

Baba alinyanyuka kabla filamu haijaisha, akachukua kigoda chake, akatoka. Nikamfuata nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Nilikuwa nimeandaa la kusema, kama kawaida yangu. Aliinua kiganja.

"Nilikuja kukuchukua," akasema. "Sasa sikuchukui. Wewe unasema, huangalii. Mtu asiyeangalia, mbuzi watamwishia. Kaa hapa."

Si hicho ndicho nilichokuwa nakitaka? Ruhusa nilipewa, bila masharti, kwa maneno machache. Nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilizunguka zunguka Kakuma nzima jioni ile, nikipita njia zile zile, nikigombana na watu ambao hawakunikosea. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia na yule aliyechora filamu. Na hilo ndilo lililonikera kuliko yote: kwamba mtu fulani, katika nchi nisiyoijua, aliwahi kumtazama mama mzee akitembea, akamtazama vizuri, mpaka akaweza kuuchora ule mwendo ndani ya chuma. Na baba yangu, ambaye hajui kushika rimoti, akauona. Mimi niliyekuwa nalishwa na kazi hiyo sikuuona.

Asubuhi ya Jumatatu nilimsindikiza mpaka kituo cha magari ya Lodwar. Tulipokaribia, dereva akapiga honi, baba akatangulia kuharakisha, mimi nikabaki nyuma na mzigo wake. Ndipo nikamwona.

Alikuwa anaweka kisigino polepole. Cha kushoto. Kisha nyonga ikawa inachelewa, inapanda juu kidogo, halafu anaegemea fimbo, fimbo ambayo maisha yangu yote nilidhani anaibeba kwa sababu ni mzee wa mbuzi. Kila hatua vile vile. Alikuwa ametoka Namoruputh na mguu ule, amekaa na mimi siku mbili, ameingia na kutoka ukumbini mbele ya macho yangu. Mbuzi hawangoji mtu mwenye nyonga kama ile. Hakuwa amekuja kunirudisha kwenye kazi yake. Alikuwa amekuja kwa sababu hawezi kuifanya tena, na mimi nilimtukana kwa spika.

Nikapanda gari nyuma yake, na nguo nilizovaa, funguo za ukumbi mfukoni.

"Nani amekuita?" akaniuliza.

"Hakuna, Apa."

"Shuka."

Sikushuka. Na sikusema kitu kingine mpaka Lodwar, ingawa mdomo uliniwasha njia nzima na miguu ilinicheza chini ya kiti. Pale mjini nilimshika mkono, nikampeleka hospitali, naye akanitukana hadi mlangoni. Daktari akasema mfupa wa nyonga ulikuwa na ufa wa siku nyingi, pengine tangu alipoanguka, kama baba alivyokiri pale, kwenye korongo akimwokoa mbuzi. Alipoanguka nilikuwa Lodwar hiyo hiyo, nabeba saruji.

Alilazwa. Funguo nilizirudisha kupitia kwa dereva wa gari la Kakuma pamoja na barua ya kuomba radhi, na mwenye ukumbi akanijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka, akiniambia Mungu anibariki na nisirudi kutafsiri kabla sijajifunza kutazama. Pia alinitumia ile filamu kwenye simu. Sikumwomba.

Alasiri moja, wodini, baba akaniuliza kama yule mama wa kijivu alikufa au alipona. Hakuna kati yetu aliyeuona mwisho. Nikavuta kiti, nikaegemeza simu kwenye chupa ya maji, tukaianza mwanzo. Mara mbili nilitaka kusogeza mbele kwa kidole, mara mbili akanipiga kofi dogo la mkono. Tulipofika pale kofia ilipovuliwa, mama akawa anamwambia mwanawe maneno mengi, kwa sauti ya chini, mkono wake shavuni pa mwanawe.

"Anasema nini?" baba akauliza.

Nilikuwa na majibu kumi tayari. Yote mazuri.

"Sijui, Apa," nikasema.

Akajisogeza kitandani kwa shida, akanipa nafasi. "Kaa," akasema. "Tuangalie."