Wajina wa Baba kwa Kihispania

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, dada yangu aliolewa na baharia wa Kihispania aliyeiacha meli yake bandarini Durban. Mtoto wao wa kwanza alipewa jina la baba yetu, William, kama desturi yetu inavyotaka. Ila shemeji alilitafsiri, mtoto akawa Guillermo. Wao hutamka Giyermo.

Baba alipofika kwao Bluff, mtaa wa huko Durban, kumwona wajina wake, akaambiwa jina hilo, akairudisha mikono mgongoni. Kwetu babu akimkataa wajina, mtoto huwa kama mgeni nyumbani. Dada akanikazia macho. Mimi, ambaye yeye huniita kabati kwa sababu sitoki ndani mpaka nyumba ihame, nikaona elimu yangu ya sekondari imepata kazi hatimaye.

“Baba, ni jina lako lile lile. Kwao John ni Juan, wanasema Huani. Peter ni Pedro.”

“Peter kavuka salama,” akasema baba. “Mimi nimepata ajali gani?”

Elimu yangu ikaishia hapo. Shemeji ndiye aliyejikaza, kwa Kiswahili chake kichanga.

“Baba, mama yangu kule hawezi kusema William. Mimi nataka aite jina lako kila siku, bila kukosea.”

“Kila siku?”

“Kila siku, baba.”

Baba akanyoosha mikono. “Basi mleteni huyo wajina wangu. Mbona mmemficha?”

Dada akashusha pumzi ndefu, nami nikarudi kwenye kochi langu kupumzika, kana kwamba nimefanya kazi.