Mzee Gundi na Tone la Chai Kitabuni

Saa mbili asubuhi, mzee mmoja anapaka gundi mgongo wa riwaya iliyochanika, anaibana kwa mbao mbili, anafuta mikono, kisha anatoka na kikombe chake. Chumbani mwake chai haisogei karibu na vitabu. Anainywa kwenye korido, amesimama, peke yake.

Huyu ndiye Mzee Gundi, fundi wa kujalidi vitabu katika chumba kilicho nyuma ya maktaba. Jina alilopewa na wazazi wake wengi hapa hawalijui. Wenzake wawili walistaafu na hakuna aliyeajiriwa badala yao. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Kuna siku, anasema, neno la kwanza kumtoka mdomoni ni la kumuaga mlinzi jioni.

Chai anaijua kwa madoa yake. Ya maziwa huacha mafuta kwenye karatasi. Ya rangi huacha kahawia tupu. Mwaka jana alianza kupokea riwaya zenye tone moja la chai ya rangi, kila mara kwenye ukurasa ambapo mtu anakufa.

"Nikajua huyu anasoma kikombe kikiwa mkononi, na mkono unatetemeka," anasema. "Mke wangu alikuwa hivyo hivyo. Msiba wa kitabuni aliulilia kama wa jirani."

Mkutubi wa mapokezi alitaka kumtoza faini msomaji huyo, bibi mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Mzee Gundi akamsihi amsamehe, tena amfikishie salamu: karibu chai.

Jibu lilikuja la kiungwana kabisa. Bibi ameshukuru sana, anasema ameshakunywa.

Mzee anacheka akisimulia, ila si kicheko cha furaha. Kosa ni lake, anasema. Neno hilo la karibu kila mtu humtupia anayepita mlangoni, na anayepita hujibu hivyo hivyo bila hata kusimama. Yeye alikuwa anaomba mtu wa kukaa naye. Mwenzake akasikia adabu tu. Iliuma.

Mwalimu hurudisha vitabu kila Ijumaa. Ijumaa hii Mzee Gundi atafunga chumba aende mapokezi mwenyewe. Shati ameshalipiga pasi, na kwenye korido ameweka viti viwili.

"Karibu chai sitasema tena," anasema. "Nitamwambia nakunywa peke yangu, na nimechoka."