Bega la Eleuterio

Kabla Tencha hajawa mjane, darubini yake haikuwa na stendi. Ilikuwa na mume.

Sisemi mzaha. Darubini yenyewe ni ya macho mawili, kubwa, ya kutazamia nyota; mgeni mmoja aliyepanga kwao aliwaachia alipohama bondeni. Ni nzito mno. Ukiishika kwa mikono mitupu, nyota zinarukaruka tu. Basi Eleuterio alikuwa akipiga goti uani, karibu na zizi la mbuzi, na Tencha anailaza begani kwake na kutazama. Mimi jirani yao, mwenye duka, nikiwachungulia juu ya ukuta sikuweza kunyamaza.

"Komadre, huyo ni mume au meza?" Komadre ndivyo tunavyoitana, kwa kuwa yeye ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo.

"Ni meza inayopumua, Nolfa. Ndiyo shida yake."

Na kweli ilipumua. Eleuterio alichimba shaba ujanani kabla ya kuja kwenye mizabibu, na vumbi lilimwachia pumzi ya peke yake: inapanda, inakwama katikati, ndipo inashuka. Nyota za Tencha nazo zilipanda, zikakwama, zikashuka. Alikuwa akimgombeza kwa hilo, hasa alipoutafuta mpira wa nyota, ule unaokaa karibu na utosi wetu majira ya baridi. Kwa macho matupu ni doa la ukungu. Wenye vyombo vizuri husema ukitulia unaanza kuziona nyota zake moja moja. Tencha alikuwa akiona uji tu.

Kisha lori la zabibu likamgonga Eleuterio kwenye kona ya chini ya kijiji. Tulimjengea animita palepale, kile kijumba cha kando ya barabara anachojengewa mtu aliyekufa ghafla, ili roho isitangetange. Wenzake wa mizabibuni walikizungushia mawe ya mtoni waliyoyapaka chokaa. Kila Jumatatu, siku ya roho za marehemu, Tencha alikwenda kuwasha mshumaa.

Mwaka huu daktari wa La Serena alimwambia ana presha ya macho. La kushoto limeshaanza kufifia, na la kulia linafuata. Hakulia. Alikuja dukani, akachukua mkate na jibini, akasema, "Komadre, nataka kuuona mpira wangu umetulia. Mara moja tu, kabla sijawa kipofu. Nahitaji stendi."

Kwanza alipata stendi ya mpiga picha za harusi wa Vicuña, miguu mitatu myembamba ya bati. Ukiielekeza darubini juu, kichwa cha stendi kiliinama polepole na nyota zikakimbia. Don Misael, fundi wetu wa kuchomelea, alikuja kuiangalia, akacheka hadi akashika kiuno.

"Doña Tencha, hii imezoea kubeba maharusi. Wewe umeipandisha ng'ombe!"

Akamletea miguu ya mbao ya wapima ardhi, minene, yenye ncha za chuma za kuchoma udongoni. Hiyo haikutikisika hata kidogo. Lakini mpira wa nyota uko juu kabisa, kwa hiyo ilimbidi Tencha achuchumae katikati ya miguu ile na kupindua shingo nyuma. Siku mbili alitembea akitazama mawingu, na mimi nilimwambia ukweli, kwamba anatia aibu mtaa.

Ndipo Misael akachomelea mkono mrefu juu ya miguu ileile. Huku inakaa darubini, kule linaning'inia kopo la rangi. "Jaza mawe mpaka mkono usipande wala usishuke," alimwambia. "Halafu ulale kwenye kiti chako, uivute machoni, uiachie. Itakaa hapohapo."

Siku ya kwanza, giza lilipoingia tu, Tencha aliniita kutoka ng'ambo ya ukuta. Sauti haikuwa yake.

"Njoo utazame. Usiseme kitu."

Nililala kwenye kiti. Sikugusa chuma. Hapakuwa na upepo, hata moshi wa jiko langu ulikwenda juu moja kwa moja. Nyota zilipanda. Zikakwama katikati. Zikashuka.

Mimi si mtu wa mizimu. Nauza mchele na sabuni, na kisichopimika kwenye mizani sikiamini. Lakini nywele zilinisimama, na nikasema lililonijia kwanza: "Nati imelegea."

Kesho yake Misael alikaza kila nati, akapaka mafuta kila kiungo. Tulingoja nyota zitoke, naye akatazama mwenyewe. Aliinuka, akalifungua kopo, akamulika ndani kwa tochi. Mawe yalikuwa meupe kwa chokaa, na moja lilikuwa na tone la nta ya mshumaa.

Misael alijifanyia ishara ya msalaba. "Doña Tencha, kweli wewe? Umezaliwa hapa, umezeeka hapa. Kitu cha animita kinatolewa?"

"Anayekitoa hufuatwa na mwenyewe. Najua."

"Kama unajua, kwa nini?"

"Alikuwa akinishikia." Tencha alikuwa anakunjakunja aproni yake. "Nilitaka aendelee kunishikia."

Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Nikamwambia mtu hamtoi mumewe kwenye kaburi la barabarani ili awe uzito wa kopo, na kwamba asipoyarudisha mawe usiku uleule mimi sitakanyaga uani kwake tena. Tukashuka sote watatu hadi konani. Tencha aliyapanga kwa mkono wake, moja moja, akawasha mshumaa, akamwomba radhi kwa maneno ambayo mimi na Misael tulijitenga tusiyasikie.

Jioni iliyofuata kopo lilijazwa mchanga. Tencha alilala kwenye kiti, akaivuta darubini machoni, akaiachia. Mkono ulisimama kimya.

"Zimetulia," alisema. "Komadre, naziona. Pembeni huku ziko moja moja, kama chumvi iliyomwagika."

Nilifurahi kweli. Nilidhani limekwisha, nikaanza kufikiria supu yangu. Kisha nikaona machozi yanamtiririka kuelekea masikioni.

"Ni nzuri," alisema. "Ni nzuri, na hakuna mtu."

Akainuka. Akaifungua darubini kutoka kwenye chuma cha Misael, akaibeba kifuani, akanitazama. Hakuniomba, na mimi sikumngoja aombe. Nilikwenda pale karibu na zizi la mbuzi, nikapiga goti kwenye udongo baridi, nikainamisha kichwa. Uzito ulinishukia begani.

Nilitaka apate picha nzuri, maskini, kwa macho aliyobakiwa nayo. Kwa hiyo nilibana pumzi. Nilibana mpaka masikio yakavuma, bega langu likawa kama ukuta.

"Hivyohivyo, komadre," alinong'ona Tencha juu yangu. "Usisogee. Sasa anapumua."