Mayai ya Dukani kwa Bi Zaina

Harufu ya duka la Bi Zaina ilitupokea kabla hatujaliona lenyewe: mafuta ya taa, sabuni ya mche, dagaa wakavu, na maandazi yakiumuka ndani ya mafuta ya moto. Lilikuwa nyumba ndogo ya udongo yenye paa la bati, la kwanza kijijini kwetu Nyakakika, kando ya njia iendayo Omurushaka. Jua la mchana likilipiga bati lile, wachungaji waliokuwa upande wa pili wa bonde waliliona likimeremeta. Bi Zaina alikuwa mjane aliyetoka upande wa Bukoba, mnene, mwenye sauti ya chini ambayo haikupanda hata alipogombana na wateja. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini, Uhuru bado haujaja, nami nilikuwa msichana mdogo, meno ya mbele yameng'oka.

Kabla ya duka hilo tulikula kilichotoka shambani na zizini. Ndizi zilipikwa pamoja na maharage katika chungu kilichofunikwa majani ya mgomba, zikaiva taratibu mpaka zikawa laini kabisa. Maziwa tuliyanywa kutoka vibuyu vilivyofukizwa moshi wa nyasi, na ladha ya moshi huo ninayo mdomoni mpaka leo. Chumvi ilikuwa kitu cha kutoka mbali. Duka lilipofunguliwa, baba alianza kunywa chai. Siku ya kwanza bibi, yaani mama yake baba, alipoona maziwa yanafoka motoni na majani meusi yakizunguka ndani yake, alitoka akaenda kukaa na ng'ombe hadi jua likazama. Aliamini kwamba maziwa yakichemshwa, ng'ombe aliyeyatoa hukauka chuchu. Ng'ombe hakukauka, na haukupita muda mrefu bibi mwenyewe akawa analamba sukari kiganjani. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo chai na sukari havikuligusa. Kwetu mwanamke hakula kuku wala yai. Senene, wale panzi wa kuliwa, aliwakusanya, akawachambua, akawakaanga, kisha akampelekea mumewe bila kuonja. Hakuna aliyetueleza sababu. Tulizaliwa tukalikuta hivyo.

Mayai ya kuku wetu yalikwenda dukani kubadilishwa na chumvi. Mama ndiye aliyeyapeleka, ameyapanga kwenye kikapu chenye nyasi kavu, nami nikimfuata nyuma. Mwaka huo alikuwa amemzaa mdogo wangu Kamugisha, na uzazi ule ulimtoa damu nyingi. Alipotembea shambani alishikilia migomba. Muuguzi wa zahanati ya misheni alimwambia ale nyama, maini na mayai. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akarudi nyumbani kula ndizi na maharage. Nyama kwetu ilionekana Krismasi na kwenye harusi.

Siku ninayoisimulia, mama aliishiwa nguvu mlangoni mwa duka. Aliketi juu ya gunia la chumvi, midomo yake imekuwa rangi ya majivu. Bi Zaina alimfungua mtoto mgongoni akanipa nimshike. Alimtazama mama, akakitazama kikapu, kisha akachukua mayai mawili na kuyavunja kwenye kikaango kilekile cha maandazi.

"Kula, mwanangu," alisema, akimwekea sahani mapajani.

"Kwetu mwanamke hali hiki," mama akajibu.

"Hapa si kwenu, ni dukani kwangu. Kwangu hula mwenye njaa."

Mama aliniangalia kwa muda mrefu, macho yake yakiniomba ruhusa, mimi mtoto. Kisha akamega kipande kwa vidole akakitia mdomoni. Nililiona koo lake likipanda na kushuka. Nilimbana Kamugisha mpaka akalia, nami sikumsikia. Nilingoja mama aanguke. Nilingoja ulimi uvimbe, macho yageuke, kitu chochote kitokee cha kulingana na kile nilichokiona. Hakikutokea kitu. Alimaliza sahani yote, akafuta mafuta yaliyobaki kwa kipande cha andazi, akapumua. Nilipogeuka ndipo nikamwona jirani yetu Rutabingwa, aliyekuja kununua tumbaku, amesimama mlangoni mdomo wazi. Aliondoka bila tumbaku yake.

Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Bibi alikuwa amesimama uani akitungojea.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli, mama," mama akajibu, na akapiga magoti.

Angeweza kukana. Nilikuwa tayari kumsaidia kukana, na kule kutojaribu kwake hata kidogo kulinishtua kuliko mayai yenyewe. Bibi hakupaza sauti. Aliingia ndani, akatoka na vibuyu vya maziwa ambavyo mama alikuwa akivisafisha kila siku tangu aolewe, akavipiga juu ya jiwe kimoja baada ya kingine mpaka ua ukajaa vipande vyenye harufu ya moshi. "Aliyekula yai hagusi maziwa yangu," alisema. Bibi yule hakuwahi kuvunja hata kikombe. Baba aliporudi kutoka malishoni aliambiwa na bibi, si na mama, na asubuhi yake akampakia mama na mtoto kwenye baiskeli akawapeleka kwao mama, Kihanga. Nilisimama njiani hadi vumbi likatua. Sikuamini kwamba mtu anaweza kuondolewa nyumbani kwa sababu ya kitu alichokula.

Mimi nilibaki. Maharage yalikomaa, yakavunwa, yakapigwa, mama hayupo. Nyasi zilizotandikwa sakafuni zilinyauka bila kubadilishwa. Bibi alinipikia vizuri, na alinipakulia chakula kingi, lakini kila mara nilikiacha nusu. Kisha siku moja baba alikwenda Kihanga kumwona mtoto. Aliporudi aliketi mbele ya mama yake bila kuvua kofia.

"Mke wangu amenenepa," alisema. "Nimemkuta analima."

"Anakula nini?"

"Mama yake anampa yai kila asubuhi."

"Mama yake mwenyewe?" Bibi aliuliza kwa sauti ambayo sijaisikia tena.

"Mama yake mwenyewe. Huko yanauzwa dukani yakiwa yamechemshwa, na wanawake wanayala barabarani. Kesho namleta. Atakula nilichomkuta anakula. Ukivivunja vibuyu, nitatafuta vingine."

Baba hakuwahi kumjibu bibi hivyo, wala mimi sikujua kwamba mtoto anaweza kumjibu mzazi wake namna ile na nyumba ikabaki imesimama. Bibi aliinuka akaenda kulala bila kula. Lakini mama alipofika, bibi alimpokea mlangoni, akamshika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole. "Umerudi na mwili," alisema. Hayo tu. Kila mama alipokula yai, bibi aligeuza uso ukutani, na ilikuwa hivyo hadi alipofariki. Wanawake wengine walianza kupita mlango wa nyuma kwa Bi Zaina, mmoja mmoja, vitenge vimefunika vichwa, mpaka Bi Zaina akaacha kuyauza mayai kwa wachuuzi waliokuwa wakiyapeleka Bukoba.

Sasa mimi ni mzee, naishi Omurushaka, na kutoka mlangoni kwangu naweza kuhesabu maduka mpaka nikachoka. Wajukuu zangu hutoka bila kugusa ndizi nilizowapikia, wakanunua soda na biskuti, na ndizi zangu shambani zinaivia ndege. Nashtuka, naufunga mdomo wangu, kwa sababu namkumbuka bibi zizini siku ile ya chai. Juzi mjukuu wangu wa kike, akila chipsi mayai huku akiongea na simu, nilimsimulia habari hii. Aliiweka simu chini. "Bibi, kwani walikuwa wanaogopa nini hasa?" aliniuliza. Nilimwambia ukweli: sababu sikuambiwa. Bibi hakuisema, na mama hakuiuliza. Mama angekufa kwa kukosa damu katika nyumba iliyojaa kuku, na sisi sote tungemzika kwa heshima zote, pasiwepo hata mmoja wa kuuliza kwa nini.