Msichana Niliyemchora Mlangoni

Mimi si mtu wa kukaa. Hata haya nayaandika nimesimama, daftari juu ya friji. Mama husema nilipokuwa mdogo nilikuwa nakula huku nauzunguka mkeka, tonge mkononi, na hakuna aliyefanikiwa kunikalisha. Sasa nna miaka thelathini na kitu na bado kiti kinanichoma.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kompyuta Mkunazini, katikati ya Mji Mkongwe. Watu walikuja kujaza fomu za chuo, za pasipoti, za kazi za hoteli. Kila nilipomwambia mtu afungue kivinjari, aliniangalia kama nimemtukana. Kwa siku nilieleza mara kumi kwamba kivinjari ni ile programu inayokufungulia intaneti, na mara ya kumi na moja sauti yangu haikuwa nzuri tena. Mwenye duka, mtu mpole, aliniomba nitafute njia nyengine ya kueleza kabla wateja hawajakwisha.

Njia niliikuta mtandaoni. Kuna wapenzi wa katuni za Kijapani wanaovichora vivinjari na programu kama wasichana: macho makubwa kama visahani vya chai, nywele za kila rangi, na kila mmoja na tabia zake. Nilicheka peke yangu dukani. Kuchora nilikuwa nakupenda tangu skuli, basi nikachukua karatasi nikawachora wangu, nikawavalisha nguo za kwetu. Kile kivinjari chenye mbio nilikifanya msichana wa baibui linalopepea, anakimbia na sinia zima la biriani, kwa sababu ana kasi kweli lakini anakula kumbukumbu yote ya kompyuta na wenzake wanalala na njaa. Programu ya kuzuia virusi ilikuwa shangazi wa miwani anayemuuliza kila apitaye katoka wapi na ni mtoto wa nani. Masasisho, yale maboresho ya programu yanayojileta yenyewe, yalikuwa mgeni anayepiga hodi wakati una povu la sabuni kichwani.

Kisha nikamchora yule wa zamani, kivinjari kinachokuja na kompyuta yenyewe. Watu hukifungua mara moja tu, ili wapakue kivinjari kingine, na baada ya hapo hawarudi. Nilimchora mwanamke amesimama mlangoni, anatabasamu, mkono umewaelekeza wageni ndani, na wageni wote wanampita bila kumtazama. Chini nikaandika: "Karibuni, mwenzangu yuko ndani."

Niliwabandika ukutani karibu na printa. Wateja wakawa wanasoma wakingojea zamu, wanacheka, na ajabu ni kwamba walielewa. Aliyecheka sana alikuwa akimcheka yule wa mlangoni. Nami nilijiona fundi.

Siku moja akaja mama mmoja wa mtaani kwetu Mpendae kutoa kopi ya cheti cha mwanawe. Alimtazama yule wa mlangoni muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu si dada'ako?"

Nikacheka, nikageuka kutazama, na kicheko kikanikauka. Kidevu kilikuwa cha dada. Mtandio, ncha moja imerushwa bega la kushoto, ulikuwa wa dada. Hata lile tabasamu la mdomo uliofungwa, analotabasamu kwa sababu anauonea haya mwanya wake. Naapa sikukusudia. Lakini mkono wangu ulikuwa umechora jambo ambalo ulimi wangu usingethubutu kulisema.

Dada kanizidi miaka saba. Baba alipofariki aliacha masomo, akawa anashona sare za skuli nyumbani, na kwa sare hizo mimi nikasomeshwa. Walipoanza kuja wageni wa posa, yeye ndiye aliyewafungulia, akawakaribisha, akawakalisha, kisha akarudi zake jikoni. Miaka mitatu mfululizo walikuja, na wote walikuja kwa ajili yangu. Wa mwisho, kijana wa Uroa, nilimpenda, na mama akakubali.

Katika ukoo wetu, mdogo akiposwa mbele ya mkubwa, mkubwa huombwa radhi kwanza. Iliombwa, kwa namna yake. Shangazi alimuuliza mama kama dada karidhia, mama akasema karidhia, na mazungumzo yakahamia kwenye siku ya harusi. Dada wakati huo alikuwa jikoni. Mimi nilikuwepo pale pale, nikayasikia yote, na nikaona limekwisha.

Ningeibandua ile picha siku ile ile. Sikuibandua. Nilijiambia kuna foleni, kesho nitaibandua, na ukweli ni kwamba nilipenda watu wanavyocheka. Alhamisi dada akaja mjini kununua uzi Darajani, akapita dukani kunisalimia. Nilikuwa namjazia mzee mmoja fomu, sikuweza kuinuka. Nikamwona anasoma ukuta, picha baada ya picha. Alimcheka shangazi wa miwani mpaka akajifuta macho. Alipofika kwa yule wa mlangoni akasogea karibu.

"Huyu watu wanamfungua wa nini?" aliniuliza.

"Ili wampate mwengine."

"Na wakishampata?"

Nikarudi kwenye fomu. Mzee wangu wa fomu, aliyekwisha kuwa mjuzi, akamjibu kwa niaba yangu kwamba wakishampata basi, huyu kazi yake imekwisha. Dada akatikisa kichwa taratibu. Akasema nimechora vizuri, akamuaga mzee kwa heshima, akaondoka na uzi wake.

Nilitamani anitukane. Niliichana ile picha vipande vipande, lakini picha ilikuwa imeshaonekana. Jioni nyumbani dada alikuwa vile vile: kanipakulia, kaniuliza habari za kazi. Wazee wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikaa nausubiri huo mshindo siku baada ya siku. Mchana nikawa siwezi kukaa dukani. Natoka Mkunazini mpaka Malindi, nazunguka Forodhani, narudi, sikununua kitu, sikumsalimu mtu. Niligombana na mteja kwa sababu ya karatasi. Niligombana na mchumba wangu kwenye simu kwa sababu kasema ana furaha.

Asubuhi ya Jumamosi ya wiki iliyofuata nikamkuta dada kwenye cherehani, anapinda suruali ya mtoto. Nilisimama, kwa kuwa kukaa ningeshindwa.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi yako. Nataka kuolewa, na wewe uko mbele yangu. Umeridhia?"

Cherehani ikasimama. Akaniuliza nani kanituma. Nikasema hajanituma mtu. Akasema mama keshajibu.

"Mama si wewe," nikamwambia.

Alikata uzi kwa meno, akaikunja ile suruali, akaiweka juu ya nyengine. "Basi niache nifikiri," alisema.

Nisiseme uongo: sikutegemea. Nilikuja na aibu yangu mkononi, nikitaraji aipokee, aniambie karidhia, tukumbatiane, nami nirudi kulala usingizi wangu. Haikunipitikia kabisa kwamba ukimuuliza mtu, anaweza kuwa na jibu lake.

Zikapita siku tisa. Watu wa Uroa walipiga simu kuulizia tarehe, mama akaniangalia, nikasema wangoje. Mchumba akauliza mpaka lini, nikamwambia sijui, na kwa mara ya kwanza nikamsikia amekasirika. Mama alisema nachezea bahati. Shangazi alikuja kabisa na baibui lake kusema kwamba dada ana kijicho, na kwamba mwari hakai akasubiri ruhusa ya mtu aliyekosa wake. Sijawahi kumpandishia sauti mkubwa, lakini siku ile nilipandisha. Nilimwambia jibu ni la dada, na asiyeweza kungoja njia ya kwao anaijua. Dada alikuwa chumba cha pili. Cherehani haikunyamaza hata kidogo.

Na huku nikimtetea, nilikuwa na hasira naye. Niliogopa atakataa. Nilimpenda yule kijana, na sikujua kama nnao moyo wa kumwacha kwa ajili ya dada, au wa kumkanyaga dada kwa ajili yake. Nilizunguka ua wa nyumba mpaka kuku wakanizoea. Kila dada alipopita na ndoo au na kapu la nguo, nilisimama. Naye alipita.

Siku ya tisa, alasiri, nimerudi kazini nikamkuta uani anaanika nguo. Bila ya kugeuka, anabana kanga kwenye kamba, akasema, "Nimeridhia. Waambie waje."

Nilikaa chini, pale pale kwenye mchanga wenye maji ya nguo, nikalia kama mtoto. Nilipoweza kusema, nilimuuliza ni jambo gani alilokuwa akilifikiri siku zote zile.

"Jibu nilikuwa nalo siku ile ile," alisema. "Nilitaka tu na mie nisubiriwe."