Labda ya Mfinyanzi

Vidole vya mfinyanzi wetu wa Issuna, enzi za Mwingereza, vilibaki na udongo hata kanisani. Akishafunika vyungu vyake kwa moto wa samadi hachungulii, maana upepo ukiingia vinapasuka. Jirani yake, Raheli, hakuweza kwenda kisimani bila kurudi na kurudi kutazama kama moto wa jikoni umezima. Sisi tulimwapia kwamba umezima. Kiapo kilimtosha hatua chache tu, akarudi. Siku moja mfinyanzi alimkalisha kando ya vyungu vinavyochomwa.

“Mama, moto wangu umezima?”

“Labda.”

“Na nyumba ikiungua je?”

“Labda. Na vyungu hivi, labda. Kaa, mwanangu.”

Raheli alikaa. Jioni walifukua majivu. Kimoja kilikuwa kimepasuka. Mfinyanzi alicheka, akamtwika kizima. “Kachote maji.”

Njia ilipita mlangoni kwa Raheli. Hakugeuza shingo.