Ndege ya Kupumzisha Magoti

Nilitengeneza ndege kwa sababu magoti yangu yalikuwa yamechoka. Sisemi hivyo kuchekesha watu. Nimekuwa afisa wa kilimo karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na kazi hiyo, ukiondoa makaratasi, ni kutembea. Katikati ya wiki nalala chumba cha kupanga Kitale na kuzunguka mashamba ya Endebess. Wikendi narudi kwangu Bungoma na kulowesha miguu kwenye karai. Daktari aliponiambia nipunguze kutembea, nilimrudishia swali. Nipunguze, halafu mahindi ya watu yatazamwe na nani?

Ubaya wa mahindi ni kwamba yakifika kifuani yanaficha mambo. Mkulima anasimama ukingoni, anaona kijani, anarudi zake kunywa chai. Kumbe viwavijeshi wako katikati wanakula. Ukitaka kuwapata lazima uingie, mstari kwa mstari, na umande wote wa asubuhi unaishia kwenye sketi yako. Nikawaza, kama jicho lingepita juu likanionyesha mahali palipopauka, ningeingia hapo tu na kutoka.

Ndege zinazouzwa kwa kazi hiyo sikuthubutu hata kuziulizia. Lakini Bungoma mjini kuna mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye alikuwa akirusha vindege vya rimoti hadi macho yalipomharibikia. Nilipomweleza shida yangu aliingia stoo akatoka na katoni yenye vumbi: mota, rimoti, vimota vidogo vya kuvuta mkia, hata kamera yenye kidude cha kurusha picha hadi kwenye skrini ndogo.

"Chukua, mama. Mimi macho imekwisha," alisema. Kisha akakigonga kile kidude kwa ukucha. "Lakini hii inataka upepo. Ikikaa chini imewaka, inajipika yenyewe. Ukiwasha, rusha. Usingoje."

Nilimwambia nimeelewa.

Mwili wa ndege niliukata kwa waya wa moto kutoka kwenye lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya katoni za televisheni. Uti wa bawa ulikuwa mwanzi wa Mlima Elgon uliopasuliwa. Betri nilizikusanya kutoka kwa laptopu zilizokufa. Swichi sikuweka, ili nipunguze uzito. Ukitaka kuizima ilibidi ufungue mipira ya tyubu ya baiskeli iliyolishika bawa, uinue bawa lote, ndipo uchomoe waya. Vitu vyote ndani nilivishika kwa gundi ya moto, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo.

Ya kwanza ilikuwa nzito mkiani; iliinuka, ikasita, ikajikita kwenye nyasi. Ya pili ilijua kwenda kushoto tu. Ya tatu iliruka vizuri mpaka ilipokutana na seng'enge. Mume wangu, mwalimu mstaafu, mwanzoni alinitania kwamba nimekataa kuzeeka kama watu wengine. Kufikia ya tatu aliacha utani. Alifagia vipande vya povu sebuleni, akaniuliza taratibu kama si rahisi kuomba tu kazi ya ofisini. Nilimwambia nimeshaomba, mara mbili. Siku hiyo nililia kidogo, na si kwa ajili ya ndege.

Ya nne iliruka. Kibali cha kuirusha kilipotoka niliipeleka Endebess, Jumamosi asubuhi, kwenye kikundi cha wakulima wangu. Tulikuwa tumekubaliana: wakiridhika nayo, itapita juu ya mashamba yao yote, na mimi nitatembea pale tu itakapoonyesha ugonjwa. Nilikuwa nimehesabu hatua nitakazoziepuka kama mtu anayehesabu siku za likizo.

"Madam, si uiwashe kwanza watu waone ni kitu ya ukweli," mwenyekiti alisema.

Nikaiwasha. Akina mama walijiona kwenye skrini na vilemba vyao, wakacheka.

"Sasa kabla haijaenda, tuombe," akaendelea, akamwita mbele mchungaji wao.

Ningejuaje kwamba maombi yatakuwa marefu? Hapana, nilipaswa kujua. Nimehudhuria mikutano ya kwetu tangu nikiwa msichana. Mchungaji aliombea mvua. Aliombea mbolea ifike mapema. Aliombea barabara, wagonjwa, wanafunzi na viongozi. Kisha akaombea magoti yangu, moja moja, la kulia halafu la kushoto, na hakuna mtu aliyewahi kuyaombea kabla yake. Wakati huohuo nilisikia harufu ya plastiki inayopata moto.

Nilifungua jicho moja. Kuizima kungekuwa kuing'oa bawa mbele ya watu walioinamisha vichwa, huku mchungaji akimsihi Mungu ayatie nguvu mabawa hayohayo. Sikuweza. Baada ya amina wageni walisimama kusalimia, na kila salamu ilikuwa na ushuhuda wake. Mimi nilikuwa mgeni rasmi. Nilisimama nikitabasamu, nikiwaza upepo wa huko juu utaipoza.

Mwenyekiti alikimbia akairusha. Ilipanda vizuri jamani, nikaona mahindi yote yametandaa kwenye skrini, na kwa mbali doa lililopauka. Halafu mkia ukaacha kunisikia. Gundi ilikuwa imelainika na kimota kimeng'oka mahali pake. Ndege iliinamisha pua ikazama katikati ya shamba.

Tuliingia kuitafuta, watu kama arobaini, tumejipanga bega kwa bega. Mimi pia niliingia. Mwenye shamba, mama mmoja mpole, ndiye aliyepiga kelele kwanza, na hakuwa ameiona ndege.

"Ati huku ndani naliwa hivi? Na mimi nilikuwa napiga dawa kando tu!"

Mioyo ya mahindi ilikuwa imetobolewa, imejaa uchafu wa viwavi kama unga wa msumeno. Kila mstari mtu aliita kwamba na hapo wapo. Ndege tuliipata mwisho, imevunjika mara mbili.

"Imejua mahali pa kuanguka," mchungaji alisema. "Maombi yamejibiwa."

Nilikuwa nimechoka mno kumweleza kilichoiangusha.

Mwenyekiti akauliza, kama kutembea pamoja kumefichua haya yote kwa asubuhi moja, kwa nini tusifanye hivyo kila Jumamosi, shamba hadi shamba? Walipiga makofi. Madam atatuongoza, wakasema, na nikaona walivyofurahi, nikakosa namna ya kukataa.

Vipande vya ndege viko Bungoma juu ya kabati. Wikendi yangu sasa huanza Jumamosi jioni, na mume wangu huwa ameshachemsha maji ya karai. Lakini kila Jumamosi asubuhi, mchungaji anaanza kwa kuyaombea magoti yangu, la kulia halafu la kushoto. Kisha nashika fimbo, naingia mbele, tunatembea.